Akiba ya Upande wa Kushoto

Julai 25

Meneja mkuu Royce Tillinghast amesema leo asubuhi kwamba Wavunjabarafu wa Duluth, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, wana akiba ya kutosha kwenye ukuta, "kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa." Hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa tunauliza habari za mpiga mateke. Akasema tena, na mara ya tatu akiwa ameshainuka kitini. Mtu akijibu swali ambalo halijaulizwa, mimi huweka alama.

Ukuta ni wale watu watano wa mbele, kila mmoja mzito kama jokofu lililojaa, ambao kazi yao ni moja: anayerusha mpira asiguswe. Msimu uliopita watatu kati yao walikuwa wameumia kabla ya theluji ya kwanza, na walioingia badala yao wasingemzuia hata muuza tiketi. Mrushaji wetu, Kip Lattimore, alitolewa kwa machela kule Omaha, mbavu zimevunjika. Kwa hiyo kiangazi hiki Duluth haizungumzii nyota. Inazungumzia watu wa akiba.

Sisi waandishi tumesaini masharti ya kambi kama kila mwaka: kutazama mazoezi ruhusa, kuandika nani kasimama wapi marufuku. Ndiyo maana naandika hapa, kwenye daftari langu.

Julai 26

Radi. Mazoezi yamehamia ndani, milango imefungwa.

Julai 29

Leo wamevaa kinga za mabega kwa mara ya kwanza, kwa hiyo leo ndiyo kambi imeanza.

Zoezi la mmoja kwa mmoja: mtu wa ukuta upande huu, mvamizi upande ule, na gunia limesimamishwa badala ya mrushaji. Jory Haugen, kijana wa Dakota Kaskazini ambaye mwaka mzima uliopita alikuwa kwenye kikosi cha mazoezi, wale wasiocheza mechi, alisimama nguzo ya kushoto, yaani mwisho wa ukuta upande wa kushoto. Mrushaji wa mkono wa kulia huupa mgongo upande huo, na lolote linalotoka huko halioni. Ndiyo nafasi inayolipa kuliko zote ukutani.

Wavamizi wanne walimjia mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alipita nje, Haugen akamsindikiza mpaka kwenye uzio. Wa pili alijaribu kumsukuma kifuani, akasimama palepale kama aliyegonga lori lililoegeshwa. Wa tatu na wa nne sikuona walichojaribu, maana kilikwisha mapema.

Baada yake akaja Grant Whitcomb, ambaye Tillinghast mwenyewe alimchagua wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wapya miaka miwili iliyopita. Gunia lilianguka mara mbili.

Kocha wa ukuta, Gus Pelletier, hakusema neno kwa yeyote. Pelletier huongea hata akiwa anatafuna.

Agosti 1

Haugen kahamishiwa kulia, ndani, karibu na anayetoa mpira. Kule kushoto mguu wake wa kushoto hukaa nyuma. Huku kulia kila kitu kinageuka, mguu, mkono, kiuno. Ni kama kumwambia mtu aandike kwa mkono ambao hajawahi kuutumia, tena akiwa anasukumwa.

Nilimkuta Pelletier kwenye kibanda cha samaki wa moshi, mkate mkononi.

"Gus, kwa nini Haugen yuko kulia?"

"Nataka mtu anayecheza kila mahali."

"Huyu tayari anacheza mahali fulani."

"Lorna Kivela! Wewe hata ukipewa zawadi ya Krismasi unaitikisa kwanza usikie kama ina bomu." Akacheka, makombo yakaruka. "Kula samaki, bibi wee. Wa leo ni mzuri."

Samaki alikuwa mzuri. Jibu halikuwa jibu.

Agosti 2

Ukungu wa ziwani. Hatukuona hata magoli.

Agosti 5

Mazoezi yakiisha, Thaddeus Broussard hubaki na Haugen peke yao. Broussard ndiye nguzo yetu ya kushoto. Ana miaka thelathini na minne, mtu wa Louisiana, miaka kumi na miwili katika ligi. Anamshika Haugen mabega, anamwonyesha kitu cha miguu, anamrudisha nyuma, anarudia. Kisha kesho yake Haugen anaonekana mbovu zaidi kulia.

Nimeona wakongwe wakifundisha vijana vibaya makusudi. Hufanywa kwa tabasamu, mbele za watu, na hakuna anayeweza kuthibitisha. Nilimsogelea Broussard akiwa anafungua bandeji.

"Unamfundisha nini dogo?"

"Mapishi ya kamba, Bi Lorna."

"Kwenye nyasi?"

"Ndiyo huko mnakokosea nyinyi watu wa kaskazini. Mnapikia ndani." Akainuka kwa kushika nguzo ya uzio, taratibu mno kwa mtu mwenye utani kiasi hicho, akaenda zake.

Namshuku. Nafasi yake ndiyo ambayo Haugen angeichukua.

Agosti 10

Mechi ya kwanza ya kujipima, nyumbani. Haugen aliingia kipindi cha pili, kulia. Alipitwa mara tatu wazi kabisa. Jukwaa la kaskazini likaanza: "Rudi shambani! Rudi shambani!" Mtu mmoja nyuma yetu akapiga kelele kwamba hata ng'ombe wake anazuia vizuri zaidi, na ng'ombe wake amekufa.

Kilichonikaa si hayo. Pelletier ni mtu ambaye mwaka jana alitupa kofia yake ziwani kwa sababu ya mguu uliotangulia kidogo. Leo Haugen alitoka uwanjani kichwa chini, na Pelletier akampa maji. Maji! Kwa mkono wake mwenyewe.

Agosti 12

Nimezungumza na Haugen kwenye ngazi za nje ya jumba la mazoezi. Anajikunja anapokaa, kama watu wakubwa wanaoogopa kuvunja viti.

"Wanakuzomea. Inakuumiza?"

"Hapana, mama. Kwetu upepo unazomea kuliko hao."

"Unajua kwa nini wamekuhamisha?"

Alitazama viatu vyake. "Kocha anajua anachofanya."

Nikamuuliza habari za nyumbani. Baba yake analima bitiruti za sukari karibu na mpaka, na mavuno yanahitaji madereva wa malori. Mwaka jana Jory hakwenda. Mwaka huu baba kasema hivi: akiwa kwenye kikosi chenyewe, sawa, atatafuta dereva mwingine. Akiwa tena kikosi cha mazoezi, anavaa jezi Jumatano na Jumapili anatazama kwenye luninga, basi arudi, yatosha.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nataka kucheza kushoto, mama. Lakini hilo usiliandike."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeniuliza vizuri, si kwa ajili ya gazeti."

Agosti 14

Joto. Wawili wametapika. Broussard hakufanya mazoezi. "Mapumziko ya mkongwe," wamesema.

Agosti 17

Mechi ya pili, Sacramento. Leo Haugen wamemweka katikati, mtoa mpira, yule anayeupitisha katikati ya miguu kumpa mrushaji. Hajawahi kuicheza nafasi hiyo tangu azaliwe. Mpira mmoja ulipita juu ya kichwa cha mrushaji, mwingine ukatambaa chini kama panya. Watangazaji wa luninga walicheka hadi mmoja akaomba radhi.

Pelletier akampigapiga mgongoni.

Mtu hapigwi mgongoni kwa mpira uliotambaa. Kuna kitu hapa, na si Broussard peke yake.

Agosti 19

Sasa nimeelewa, na ni rahisi kuliko nilivyodhani.

Asubuhi nilifika mapema kuchukua koti nililosahau. Mlango wa uwanja wa ndani ulikuwa umeshikiliwa na ndoo. Ndani walikuwamo watatu: Pelletier, Broussard, Haugen. Haugen alikuwa kushoto. Pelletier alishika ngao ya sponji akija kwa kasi, Broussard nyuma ya Haugen akisema, "Ngoja. Ngoja. Muache yeye aamue kwanza. Sasa." Kila Broussard aliposema "sasa," mikono ya Haugen ilikuwa imeshafika. Yale yote niliyoyaona tangu mwanzo wa mwezi yalikuwa mafunzo halali ya kushoto, ya mtu anayemwandaa mwenzake. Broussard nilimshuku bure.

Kumbe wanamficha. Tarehe 27 kila timu lazima ipunguze watu ibaki na hamsini na watatu. Kijana akiachwa, timu nyingine zote zina muda hadi kesho yake kumdai. Asipodaiwa na yeyote, timu iliyomwacha inamrudisha kimyakimya kwenye kikosi cha mazoezi. Hivyo mtu unayemtaka lakini huna nafasi yake, unamwonyesha dunia akiwa kituko. Unamweka kulia. Unamweka katikati. Wengine wanasema huyu hapana, na wewe unabaki naye.

Na nafasi haipo kwa sababu nafasi ya pili ya kushoto ni ya Whitcomb. Kumwacha Whitcomb ni Tillinghast kusimama mbele ya mji na kusema alikosea chaguo lake la kwanza. Hilo hatalifanya. Kwa hiyo akiba yetu ya kutosha ni hii: aliye mbovu anaonyeshwa, aliye mzuri anafichwa, na bili inakwenda kwenye shamba la bitiruti.

Pelletier aliniona mlangoni. Hakukasirika. Alikuja akaiondoa ndoo kwa mguu.

"Koti langu," nikasema.

"Ulilipata?"

"Nililipata."

"Basi umepata ulichokuja kutafuta, Lorna. Masharti ulisaini."

"Nilisaini. Kijana naye alisaini nini?"

Mlango ukafungwa.

Agosti 21

Mkutano wa waandishi. Nikamuuliza Tillinghast: anamwona Haugen kama mtu wa nafasi gani?

"Jory ni kijana anayejituma," alisema.

"Hiyo ni tabia, Royce. Nimeuliza nafasi."

Wenzangu wakacheka. Yeye pia, kwa meno tu. "Lorna, rafiki yangu, ukuta wetu una kina kiasi kwamba unaanza kuona mizimu huko chini."

Nimeandika jibu lake gazetini kama lilivyo.

Agosti 22

Broussard kanisubiri kwenye gari langu. Sikumtarajia.

"Ulinishuku, Bi Lorna."

"Ndiyo."

"Ningekuwa wewe ningenishuku pia." Akaegemea mlango, gari likalala upande. "Goti limekwisha. Wanajua. Daktari anajua, Gus anajua, Royce anajua. Wanataka nisimame wiki mbili tatu za kwanza ili tiketi za msimu ziuzike, halafu niumie rasmi. Hapo ndipo dogo apandishwe. Ndivyo walivyomwahidi."

"Yeye anajua anafichwa?"

"Walimwambia baada ya mechi ya kwanza. Akakubali. Cheza vibaya, nyamaza, wiki ya tatu ni yako." Alijipangusa jasho. "Tatizo ni moja. Mimi niliahidiwa hivyohivyo, mji mwingine, nikiwa na umri wake. Wiki ya tatu ikaja ikapita."

"Kwa hiyo unataka niandike?"

"Sitaki kitu. Nimechoka kubeba jambo hili na goti pamoja, basi."

Alichoniambia si cha mazoezi, lakini ni siri ya mwili wake, na alipoondoka alisema hakijasemwa, yaani kisiandikwe. Hakijasemwa.

Agosti 24

Mechi ya mwisho ya kujipima, nyumbani dhidi ya Omaha. Broussard kavaa nguo za kawaida, "mapumziko ya mkongwe." Whitcomb ameanza kushoto.

Chumba chetu cha juu tunakaa safu mbili: waandishi mbele, maskauti wa timu nyingine, wanaowinda wachezaji, nyuma. Wiki ya mwisho wanajaa, maana ndiyo wiki ya kuchagua watakaoachwa na wenzao. Leo walikuwapo saba. Walikula soseji zetu na walikuwa wamechoka. Mmoja wa Albuquerque, mzee mwenye darubini shingoni, alikuwa amelala.

Robo ya pili Whitcomb alikanyagwa kifundo cha mguu, akatoka akining'inia kwa watu wawili. Benchi likapepesa macho. Nilimtazama Pelletier kwa darubini yangu. Alitazama kushoto na kulia kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, akijua hazipo. Kisha akamshika Haugen kwa kola, akamvuta karibu, akamwambia neno moja. Niliusoma mdomo: "Taratibu."

Mvamizi wa Omaha upande huo ni yuleyule aliyemvunja Lattimore mbavu mwaka jana. Mara ya kwanza alikuja kwa nje, kasi yote. Haugen akamngoja, akamngoja, kisha mikono ikatoka, na mvamizi akajikuta anakimbia kuelekea kwa wauza bia. Mara ya pili alikuja ndani, akakalishwa chini. Kukalishwa ndiko kulikoamsha jukwaa la kaskazini. Wale wale. "Mkulima! Mkulima!" Sasa ilikuwa shangwe.

Mrushaji wa akiba alikuwa na muda wa kutazama mashamba yote ya Minnesota. Aliipeleka timu uwanja mzima kwa mapigo tisa, kila pigo mpira ukianzishwa upya, na hakuna mkono uliomgusa hadi tukafunga.

Kiti kikalia nyuma yangu. Nikageuka. Mzee wa Albuquerque alikuwa amesimama, darubini machoni. Yule wa Sacramento, aliyekuwapo siku ya mpira uliotambaa, alikuwa anapekua karatasi akinong'ona, "Si ndiye huyu? Si ndiye huyu mtoa mpira?"

Tulipopata mpira tena, Haugen hakuwapo. Pelletier alikuwa amemkalisha benchi, kamweka kushoto mtu wa kulia ambaye hajawahi kukaa huko. Nilijua kwa nini. Maskauti walijua kwa nini. Nadhani hata muuza bia alijua.

Pigo la pili, mvamizi alimpita huyo mtu bila kubadilisha mwendo. Mrushaji alikuwa amempa mgongo. Mfupa wa bega tuliusikia ukivunjika hadi huku juu, au nadhani tulisikia. Uwanja ulinyamaza kiasi hicho.

Haugen aliingia uwanjani bila kuitwa, kofia mkononi, akapiga magoti kando ya yule mrushaji hadi machela ikaja. Hakumtazama Pelletier wakati wa kutoka.

Tillinghast alinipigia kabla sijamaliza aya ya kwanza.

"Unaandika nini?"

"Mechi."

"Andika majeruhi. Hiyo ndiyo habari."

"Naandika majeruhi, na naandika kwa nini."

"Lorna, masharti."

"Masharti ni ya mazoezi, Royce. Hii wameiona watu elfu arobaini."

Nimeandika kwamba Jory Haugen alicheza kushoto kwa shambulizi moja, kwamba mrushaji hakuguswa, kwamba aliondolewa, na kwamba mrushaji alivunjika bega. Sikuongeza neno la kusifu. Sikuhitaji.

Agosti 25

Nilimkuta Haugen kwenye kanisa la Kilutheri la mtaa wa chini, anakunja viti baada ya ibada. Viti vinne mkono huu, vinne mkono ule.

"Kocha alikuambia taratibu," nikasema.

"Ndiyo, mama."

"Ungemwachia yule mvamizi mara moja tu, hakuna ambaye angekukumbuka. Wiki ya tatu ungepandishwa."

Alisimama na viti vyake. "Kule kulia nilipokuwa nakosea, mrushaji alikuwa ananiona. Anaona mtu anakuja, anakimbia, anainama. Anaweza kujisaidia. Kushoto haoni. Kanipa mgongo." Akaviegemeza viti ukutani. "Nilijaribu, mama. Kweli nilitaka kumwachia mmoja. Nilipomsikia anapumua nyuma yangu nikashindwa."

"Wamekasirika?"

"Kocha Gus analia tangu jana. Bwana Tillinghast ameniambia bado tunaelewana. Ananiacha Jumanne, nisipodaiwa narudi, ahadi palepale."

"Unamwamini?"

Alichukua viti vingine vinne. "Baba yangu amenipigia. Ameona mechi. Ameuliza tu kama nimekula."

Agosti 26

Upepo wa kaskazini, wa kwanza. Hakuna aliyepokea simu yangu leo.

Agosti 27

Saa tisa alasiri timu imetoa majina. Whitcomb amebaki, na magongo yake. Broussard amebaki. Haugen ameachwa. Tillinghast hakuja mbele ya waandishi, ametuma taarifa ya mistari miwili yenye neno "ushindani."

Nimempigia Pelletier na, ajabu, akapokea.

"Mlikuwa na nguzo mbili mbovu na moja nzima, Gus, mkaiacha iliyo nzima."

"Nilipiga meza, Lorna. Nilipiga meza hadi kahawa ikamwagika."

"Royce alisemaje?"

"Alisema hakuna timu inayobadilisha mawazo kwa mapigo tisa."

Agosti 28

Saa tano asubuhi dirisha la madai limefungwa. Ligi imetangaza kwamba timu nne zimemdai Jory Haugen. Amekwenda Albuquerque, iliyomaliza ya mwisho mwaka jana na kwa hiyo inachagua ya kwanza.

Nilimwona kwenye maegesho, nguo zake zote katika mfuko mmoja wa jezi. Broussard ndiye aliyekuwa anampeleka uwanja wa ndege, na alikuwa amempa kiti cha mbele chote, kimesukumwa nyuma hadi mwisho.

"Wamenipigia wenyewe," Haugen alisema. "Wameuliza kama naweza kucheza kulia."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia wameshaona." Kwa mara ya kwanza tangu Julai nilimwona anacheka. "Wakasema walikuwa wananitania tu. Ni kushoto, mama. Ni kikosi chenyewe."

"Baba anajua?"

"Anatafuta dereva."

"Panda, mkulima," Broussard akapiga honi, "ndege haisubiri mtu mwenye mapaja kama yako, inahitaji muda wa kukupima!"

Saa kumi jioni timu imetangaza kwamba Broussard atafanyiwa upasuaji wa goti, na hatacheza msimu huu. Aliwaambia mwenyewe, kwa simu, akiwa anarudi kutoka uwanja wa ndege. Hakusubiri wiki ya tatu.

Tillinghast ameniuliza, kupitia msemaji wake, nani aliwaambia Albuquerque. Nimemjibu kwamba mzee wao alikuwa amelala hadi robo ya pili, na kwamba waliomwamsha ni watu wa Duluth.

Ijumaa, Agosti 30, saa mbili asubuhi, Wavunjabarafu watawafanyia majaribio watu watano wa nguzo ya kushoto. Waandishi hawaruhusiwi kuingia.